Kikivunjika, Tununue Kingine: Kuchagua Vyombo vya Kulia Chakula

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Huenda wengine wakauliza: sahani na vikombe vina uhusiano gani na kazi ya wauguzi? Vina uhusiano mkubwa. Tunapowatembelea wagonjwa majumbani, na tunapozungumza na akina mama kliniki, mara nyingi tunakuta kwamba kuhara kwa mtoto, au uzito wake usiopanda, kunahusiana pia na chombo anacholia. Tukiendelea kuuliza tunaambiwa kwamba chombo hicho kilipaswa kutupwa siku nyingi. Hakikutupwa kwa sababu familia haikujua ingepata wapi kingine.

Kwa hiyo ushauri wetu wa mwezi huu ni huu. Tunapokwenda kununua sahani, bakuli au kikombe, tusitazame uzuri wake tu. Tujiulize kwanza: "Kikivunjika mwezi ujao, nitapata kingine kama hiki wapi, na kwa fedha ipi?" Chombo ambacho hatuwezi kukinunua tena hatutakubali kukitupa, hata kikiharibika.

KABATI LIMEJAA, WATOTO HAWANA VIKOMBE

Katika nyumba nyingi tunazoingia tunaona kabati la vioo sebuleni. Ndani yake kuna seti iliyotolewa siku ya harusi au kwenye kicheni pati: sahani sita, vikombe sita na visahani vyake, na birika, vyote vyenye maua ya namna moja. Vinangoja wageni. Jikoni, watoto wanakunywa uji katika kikombe kisicho na mkono, bakuli la plastiki lililopasuka, na kopo la majarini.

Tusimlaumu mama wa nyumba hiyo. Anajua kwamba kikombe kimoja kikivunjika seti imeharibika. Dukani hawauzi kimoja kimoja, na maua yale hayapatikani tena. Ndiyo maana anaifunga. Matokeo yake ni kwamba fedha nyingi za vyombo zimekaa kabatini, na walio wadogo kuliko wote, ambao miili yao ni dhaifu mbele ya vijidudu, ndio wanaotumia vilivyo vibovu kuliko vyote.

Hata sisi wauguzi tulifanya kosa hilo. Miaka mingi iliyopita wodi yetu ya watoto ilipewa zawadi ya katoni ya vikombe vya kaure, vyeupe, vyenye mstari wa dhahabu. Tulivifurahia sana. Haukupita muda mrefu vikabaki saba, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na nyufa. Hakuna duka la karibu lililouza vya aina ile. Akina mama wakawa wanangojeana: huyu akimaliza kumnywesha mwanawe uji, kikombe kinasuuzwa haraka kwa maji baridi na kupewa mwenzake. Hayo yalikuwa yakitendeka katika wodi yenye watoto wanaohara!

Muuguzi mkuu wetu alipoyaona, alimtuma mtunza stoo sokoni. Alimwagiza anunue vikombe vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa bluu, vile vilivyouzwa karibu kila duka la vyombo pale sokoni. Tangu siku hiyo kikombe kilichoharibika kiliandikwa kwenye daftari, na mwisho wa mwezi kilinunuliwa kingine. Vile vikombe havikuwa na sura ya kupendeza wageni, lakini kila mtoto alikuwa na chake.

CHOMBO KIBOVU KINALETAJE UGONJWA?

Kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengi ya kuhara hutokana na vijidudu vinavyotoka katika kinyesi. Vijidudu hivyo hufika kinywani kwa njia ya maji machafu, mikono isiyonawiwa, inzi, chakula, na vyombo. Wengi wetu tunakumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Ufa wa kikombe peke yake hauzai kipindupindu. Lakini ufa ni mahali pazuri pa vijidudu kujificha. Mabaki ya uji na unyevunyevu hukaa humo, na kitambaa cha kuoshea hakifiki. Chombo kinaonekana safi, kumbe si safi.

Sahani ya bati iliyobanduka ina shida yake. Watu wengi huogopa kutu wakidhani ni sumu, au kwamba ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, navyo huingia mwilini kupitia kidonda. Ubaya wa sahani iliyobanduka ni kwamba mahali palipokwaruzika hushika uchafu, na vipande vidogo vya ile rangi ngumu, ambayo ni kioo, vinaweza kuingia katika chakula.

Glasi au kikombe cha kaure kilichomeguka mdomoni hukata midomo na ulimi. Bakuli la plastiki lililochunwachunwa kwa stiliwaya hushika mafuta na harufu. Ukiona harufu ya dagaa wa jana haitoki hata baada ya kuosha kwa sabuni, ujue chombo hicho kimekwisha kazi yake.

TUZITAZAME AINA ZA VYOMBO

Vyombo vya bati. Hivi ni vya chuma chembamba kilichopakwa tabaka la kioo na kuchomwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 800 hivi. Havivunjiki, vinavumilia maji ya moto, na huuzwa kimoja kimoja katika masoko mengi. Adui yake ni kuangushwa sakafuni na kusuguliwa kwa nguvu kwa stiliwaya au mchanga. Tuchague vile vilivyo vyeupe kwa ndani. Baadhi ya rangi nyekundu, za machungwa na za manjano hutengenezwa kwa madini ya kadimi, ambayo hayafai kugusana na chakula.

Vyombo vya stili, yaani chuma kisichoshika kutu. Bei yake huwa juu kuliko bati, lakini havibanduki wala havivunjiki. Vikibonyea bado vinafaa. Kwa nyumba yenye watoto wengi, kununua bakuli moja la stili kila baada ya muda fulani ni akiba nzuri. Tatizo lake ni kwamba hushika joto upesi, na mtoto anaweza kuungua mikono. Tungoje uji upoe kidogo.

Vyombo vya melamini. Ni vyepesi, vina maua mazuri, na havivunjiki upesi kama kaure. Lakini visichemshwe, visiwekwe motoni wala katika mikrowevu, na tusimimine humo mafuta yanayochemka au mchuzi wenye ndimu nyingi ukiwa bado unatokota. Joto kali na uchachu hutoa kemikali katika chombo na kuzipeleka katika chakula. Kikishapoteza mng'ao au kuchubuka, kiondolewe.

Vyombo vya plastiki. Tutumie vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo za rangi na madumu ya dawa za mashambani visitumike kamwe kwa chakula wala maji ya kunywa, hata vikioshwa mara kumi. Sumu ya dawa huingia katika plastiki yenyewe.

Vyombo vya kaure, udongo na glasi. Vizima vyake husafishika vizuri sana. Kama tunavipenda, tuchukue vyeupe visivyo na maua, kwa kuwa hivyo ni rahisi kuvipatia wenzake. Tuwe waangalifu na vile vya udongo vilivyopakwa rangi za kung'aa ambavyo hatujui vilitengenezwaje. Rangi nyingine za kung'arishia huwa na madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Vyombo vya alumini. Vile vilivyoyeyushwa kutoka katika vyuma chakavu vinaweza kuwa na risasi pia. Tusilaze humo vyakula vichachu kama mchuzi wa nyanya, ukwaju au maziwa ya mgando.

MAMBO MATANO YA KUKUMBUKA SOKONI

1. Tununue aina inayouzwa katika maduka zaidi ya moja. Tumwulize muuzaji: "Je, unauza kimoja kimoja? Aina hii unayo siku zote?" Kama jibu ni hapana, tutafute nyingine.

2. Tuchague rangi moja ya kawaida, hasa nyeupe. Uchafu huonekana juu yake, na cheupe cha mwaka huu hakitofautiani sana na cha mwaka kesho kutwa.

3. Bei ya kipande kimoja iwe ile ambayo familia inaweza kuitoa katika fedha ya matumizi bila kukopa. Sahani nzuri inayotulazimu kukopa ili kupata mwenzake si sahani yetu.

4. Tutazame umbo. Bakuli lenye mdomo mpana na pembe za mviringo huosheka. Chombo chenye mikunjo, nakshi za kuchongwa au mkono ulio wazi kwa ndani huficha uchafu. Tupendelee vyombo vinavyopangika kimoja juu ya kingine, maana huchukua nafasi ndogo na havigongani.

5. Idadi iwe ya watu wa nyumbani na zaidi kidogo. Familia ya watu saba ikiwa na sahani tisa, bakuli tisa na vikombe tisa, kikivunjika kimoja hakuna anayekosa.

Hapa tunapenda kusema neno kwa akina mama wa vikundi vya kuchangiana vyombo na kwa wanaoandaa kicheni pati. Badala ya kumpa bibi harusi seti moja ya bei kubwa, mwaweza kumpa dazani ya sahani nyeupe za kawaida, dazani ya bakuli na dazani ya vikombe, za aina inayouzwa katika soko la kule anakoolewa. Atavitumia tangu siku ya kwanza, na hataogopa kuvitumia.

MTOTO AWE NA BAKULI LAKE

Kula pamoja katika sinia moja ni desturi nzuri, nasi hatusemi iachwe na watu wazima. Lakini mtoto mdogo hawezi kushindana. Kaka na dada wana mikono mikubwa na wanameza haraka. Yeye bado anatafuna tonge la kwanza, sinia imekwisha. Mama anaamini mtoto amekula kwa sababu alikuwa amekaa na wenzake. Mizani ya kliniki ndiyo inayosema ukweli.

Mtoto akiwa na bakuli lake, mama anaona kwa macho ni kiasi gani amekula na kiasi gani amebakiza. Bakuli linalofaa kupimia ni la mililita 250. Kulipata ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, umimine maji sawasawa katika bakuli mbili zinazofanana. Maji yaliyo katika kila bakuli ni mililita 250. Angalia yanafika wapi, ukariri alama hiyo.

Mtoto anapotimiza miezi 6 huanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula laini, akiongezewa polepole hadi nusu ya kipimo hicho, mara 2 hadi 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 11 hula nusu ya kipimo, mara 3 hadi 4. Wa mwaka 1 hadi anapokaribia miaka 2 hula robo tatu ya kipimo au kipimo kizima, mara 3 hadi 4, pamoja na kitu kidogo katikati ya milo kama ndizi au parachichi. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Na kunyonya kuendelee hadi miaka 2 na zaidi.

Ndiyo maana tunasisitiza bakuli la aina inayopatikana sokoni. Likivunjika na mama akanunua la aina ile ile, kipimo chake hakipotei. Akichukua lolote litakalokuwa karibu, anaanza kukisia upya, na mara nyingi anakisia kidogo mno.

Faida hiyo tunaiona pia mtoto anapohara. Pakiti nyingi za dawa ya maji ya chumvi na sukari huchanganywa katika lita 1 ya maji safi. Kwa bakuli tulilolipima, ni vipimo vinne. Lakini tusome kwanza maelezo ya pakiti, maana zipo za vipimo vingine.

KIKOMBE CHA MGONJWA

Kuna jambo linalotuumiza moyo. Tukienda kumwona mgonjwa wa kifua kikuu au anayeishi na virusi vya UKIMWI, wakati mwingine tunaonyeshwa kikombe chake na sahani yake, vimewekwa peke yake dirishani. Kwa kawaida ndivyo vile vibovu. Watoto wamekatazwa kuvigusa. Mgonjwa mwenyewe ameacha kula na wenzake, anakula kidogo, anazidi kukonda.

Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Hakiambukizwi kwa sahani wala kikombe. Mgonjwa hukingwa, na kuwakinga wenzake, kwa kumeza dawa zake kila siku, kufungua madirisha, na kufunika mdomo anapokohoa. Virusi vya UKIMWI navyo havipiti katika chakula, sahani, kijiko wala kikombe. Vyombo vya mgonjwa vioshwe kwa sabuni kama vya wengine, basi.

Katika nyumba ambayo vikombe vyote vinafanana, hakuna kikombe cha kumtenga mtu. Jioni vyote vinaoshwa, asubuhi kila mmoja anachukua kilicho mbele yake. Tumewahi kumsikia baba mmoja mgonjwa akituambia kwamba siku mkewe aliponunua vikombe sita vinavyofanana, alijua amerudishwa mezani.

TUVITUNZE, NA TUVIKAGUE

Chombo kizuri kisipooshwa vizuri hakina faida. Tuanze kwa kukwangua mabaki, kisha tuoshe kwa maji yenye sabuni, halafu tusuuze kwa maji safi katika beseni jingine. Vyombo vya watoto, vikiwa vya bati au stili, tuvimiminie maji ya moto. Kisha tuvianike kwenye kichanja, juu ya ardhi, mbali na kuku na mbuzi, vikiangalia chini, mpaka vikauke. Kitambaa kile kile kinachofuta meza, mikono na pua za watoto kisitumike kukaushia sahani.

Mara moja kwa mwezi tufanye ukaguzi. Tushike kila chombo kwenye mwanga wa jua. Tupitishe kidole taratibu kwenye mdomo wake. Kikiwa na ufa, kimemeguka, kimebanduka kwa ndani, au kinatoa harufu baada ya kuoshwa, kiondoke mezani siku hiyo hiyo. Kilichobanduka kinaweza kupandiwa vitunguu vya majani au kunyweshea kuku. Kilichovunjika kifukiwe shimoni, watoto wasikikanyage.

Ili jambo hili lisiwe maneno matupu, tuweke kikopo cha akiba ya vyombo. Sarafu chache za kila juma zinatosha, maana hatununui seti. Tunanunua bakuli moja. Na tuziwekee sahani zetu alama ndogo kwa chini kwa rangi ya kucha, ili zikiazimwa kwenye msiba au sherehe ya jumuiya zirudi kwetu. Nyingi hupotea huko, wala si kwa kuvunjika.

Mtoto akivunja kikombe, tusimpige. Tuokote vipande, tumwangalie kama amejikata, kisha tutoe kingine. Kama kuvunjika kwa kikombe kimoja kunaleta kilio nyumbani, tatizo halikuwa mtoto. Ni sisi tulionunua kikombe kisicho na mwenzake.

Wazazi wapendwa, leo jioni kabla ya kupakua chakula tutazame bakuli la mtoto wetu mdogo kuliko wote. Kama ni bovu, na katika kabati la wageni kuna zima, tulitoe hilo lililo zima alie leo. Kesho twende sokoni tukanunue la kwake.